Mama Yupi Aliugua?

Fomu nyingi za kupima hatari ya saratani ya matiti zina swali linaloonekana jepesi: je, mama yako amewahi kuugua ugonjwa huu? Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, swali hilo si jepesi hata kidogo. Mwanamke wa Manika au Dilala anaweza kuwa na mama wanne au watano: aliyemzaa, mama mkubwa, mama mdogo, na pengine mke wa baba mdogo aliyemlea wakati wazazi wamekwenda Likasi kutafuta kazi. Dada zake nao hawana idadi, maana binti wa mama mdogo ni dada, basi. Akijibu, "Ndiyo, mama aliugua," amesema kweli tupu, ila mwenye fomu ameandika jambo jingine.

Tofauti hiyo ina uzito wake. Mwaka 2001 watafiti walikusanya takwimu za wanawake zaidi ya laki moja na nusu kutoka tafiti 52. Walikuta kwamba mwenye ndugu mmoja wa damu ya karibu kabisa aliyeugua, yaani mama mzazi, dada wa tumbo moja au binti, hatari yake inakaribia mara mbili ya asiye naye. Wakiwa ndugu wawili, inakaribia mara tatu. Mama mdogo ana uzito pungufu katika hesabu hii, na mke wa baba mdogo hana uzito wowote, hata kama yeye ndiye aliyemnawisha na kumsomesha mtoto. Kwa hiyo anayetaka kujua hatari yake huanza na kazi ambayo hakuna mashine ya kumfanyia: kukaa na bibi jioni na kuwatenganisha akina mama mmoja mmoja, nani alitoka tumbo lipi.

Asiusahau upande wa baba. Wengi hudhani ugonjwa wa matiti hurithiwa kwa mama peke yake, kwa kuwa baba hana matiti ya kuzungumzia. Baba anayo, madogo, na katika kila wagonjwa mia moja duniani hupatikana mwanamume mmoja au pungufu. Lakini hata baba ambaye hakuugua siku moja anaweza kubeba hitilafu ya urithi kutoka kwa mama yake na kumpa binti yake. Ndiyo maana shangazi anastahili kuulizwa sawasawa na mama mdogo.

Swali likimfikia mtu sahihi, jibu huja limefunikwa. Marehemu "alikuwa na kidonda kifuani." Marehemu "alilogwa na mke mwenzake." Neno kansere, kama lisemwavyo huku Katanga, huenda halikutamkwa hata siku ya mazishi. Maswali madogo hufika mbali zaidi: kidonda kilianzia kwenye titi au kwenye ngozi? Kabla ya kidonda palikuwa na uvimbe? Mtoto wake wa mwisho alikuwa ameanza shule? Jibu la swali hilo la tatu linasaidia kukisia umri wa marehemu, na umri ni muhimu, kwa sababu ndugu kadhaa waliougua kabla ya miaka 50 ni dalili kubwa zaidi ya urithi kuliko bibi mmoja aliyeugua akiwa na miaka 75.

Urithi wenyewe ulianza kueleweka mwaka 1990, pale Mary-Claire King, mwanasayansi wa Marekani, alipoonyesha kwamba katika familia fulani ugonjwa huu unafuatana na sehemu moja ya kromosomu ya 17. Jeni iliyohusika, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994. BRCA2 ikafuata mwaka 1995. Kati ya wanawake kumi wenye hitilafu kwenye mojawapo ya jeni hizo, karibu saba huugua kabla ya kufika miaka 80. Hii si hadithi ya Wazungu peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima wagonjwa 1,136 nchini Nigeria, ukakuta karibu 15 katika kila mia wana hitilafu ya kurithi.

Namba hiyo isomwe na upande wake wa pili: 85 hawakuwa nayo. Na ule utafiti wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa tisa, wanane hawakuwa na mama, dada wala binti aliyeugua. Mwanamke anayesema "kwetu ugonjwa huo haupo" amejipa amani ambayo hesabu haimpi.

Kinachobeba uzito mkubwa zaidi ni jinsia na miaka. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya wagonjwa hawana sababu nyingine inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuvuka miaka 40. Nayo miaka, Kolwezi, mara nyingi huhesabiwa kwa vita. Mtu alizaliwa mwaka wa vita vya siku themanini, 1977, au wa vita vya siku sita, Mei 1978, askari wa miavuli wa Ufaransa waliposhuka juu ya mji. Aliyezaliwa mwaka huo wa siku sita alitimiza miaka 45 mwaka 2023. Hahitaji cheti cha kuzaliwa ili kujua kwamba amekwisha kuingia katika umri wa kuliangalia titi lake kwa makini.

Hospitali za Kongo huona wagonjwa wengi wa miaka 38 au 46, na watu wakahitimisha kwamba kansere ya Afrika inapenda vijana. Sehemu kubwa ya jambo hilo inatokana na idadi ya watu tu. Katika nchi iliyojaa watoto na vijana na yenye vikongwe wachache, wagonjwa wa karibu kila ugonjwa watakuwa na umri mdogo kuliko wa Ubelgiji. Hatari ya mwanamke mmoja mmoja huendelea kupanda kadiri anavyozeeka, hapa kama kule.

Baada ya umri, fomu huuliza habari za uzazi: hedhi ya kwanza ilikuja lini, mtoto wa kwanza alizaliwa lini, watoto wangapi, walinyonya muda gani. Sababu yake ni homoni. Hedhi inayoanza kabla ya miaka 12 na kukoma baada ya miaka 55 huyaacha matiti chini ya homoni kwa miaka mingi zaidi. Uzazi na unyonyeshaji hupunguza hatari. Mwaka 2002 watafiti waliunganisha tafiti 47 za nchi 30 na kukuta kwamba kila uzazi hupunguza hatari kwa asilimia 7 hivi, na kila miezi 12 ya kunyonyesha huongeza punguzo la asilimia 4.3. Mama mwenye watoto sita, kila mmoja amenyonya mwaka mmoja na nusu, akipigiwa hesabu hiyo atakuwa na hatari isiyofika nusu ya mwanamke wa umri wake ambaye hakuzaa. Na watoto sita hapa si ajabu: utafiti wa kitaifa wa afya wa miaka 2013 na 2014 ulikuta mwanamke wa Kongo huzaa kwa wastani watoto 6.6.

Hapa historia ya ukanda wa shaba inaingia kwa mlango wa nyuma. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika mwaka 1988 jinsi wakoloni wa Kibelgiji, kwa kuogopa upungufu wa wafanyakazi, walivyoingilia unyonyeshaji wa wanawake wa Kongo. Desturi ya kunyonyesha miaka miwili au mitatu na kuachanisha uzazi ilionekana inachelewesha mtoto anayefuata, yaani mchimbaji wa kesho. Katika kambi za kampuni kama Union Minière, zahanati za watoto wachanga, mizani na maziwa ya unga vilikuwa huduma njema na siasa ya kazi kwa wakati mmoja. Aliyekuwa na haraka ya kumwachisha mtoto ziwa hakuwa mama. Leo wapo wanawake wa Kolwezi wanaoachisha mapema kwa sababu ya kazi ya ofisini au biashara, na wanaopata mtoto wa kwanza wamepita miaka 30 kwa sababu ya masomo. Hakuna haja ya kumlaumu mtu. Ni hesabu inayobadilika kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, na mjukuu asijikinge kwa namba za bibi yake.

Pombe haipendwi kutajwa, hasa jioni chupa za Simba na Tembo zinapofunguliwa, au pale lutuku inapopimwa kwa glasi ndogo. Kila kinywaji cha kila siku huongeza hatari kwa asilimia 7 hadi 10. Unene baada ya hedhi kukoma nao unaongeza. Fedha zilizokunjwa ndani ya sidiria haziongezi kitu, ingawa tetesi hiyo imezunguka masoko mengi ya Afrika. Noti za faranga hazina mkono katika jambo hili, wala simu, wala ngumi ya miaka iliyopita.

Halafu kuna swali ambalo fomu za Marekani hazina, na ambalo kila mtu wa Kolwezi huuliza kwanza: na vumbi la migodi?

Lina msingi. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, na mtaa ukachimbwa mashimo hadi vyumbani. Daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven, walipima mkojo wa wakazi. Mwaka 2018 walichapisha kwamba watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini kuliko watu wazima, pamoja na dalili za madhara kwenye chembe za urithi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon liliweka kobalti katika kundi la vitu ambavyo "huenda sana" vinasababisha saratani. Ila ukiusoma, ushahidi wake unaelekea kwenye mapafu, na hasa ya wanyama wa maabara waliovutishwa hewa yenye kobalti. Matiti hayamo.

Urani nayo? Madini ya ukanda huu yana urani hapa na pale. Mwezi Novemba 2018 kampuni ya Katanga Mining ilisimamisha kwa muda uuzaji wa kobalti ya mgodi wa Kamoto kwa sababu ya urani iliyokutwa ndani yake. Na mionzi, tofauti na kobalti, inajulikana kudhuru matiti: wasichana walionusurika mabomu ya Hiroshima na Nagasaki waliugua saratani ya matiti kupita kiasi miaka mingi baadaye, na waliokuwa wadogo zaidi siku ile ndio walioathirika zaidi. Urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Historia ina ukatili wake. Hata hivyo kipimo cha mionzi waliyopata wasichana wale kwa sekunde chache hakilinganishwi na cha mwanamke anayeosha mawe mtoni. Kulilaumu vumbi kunavutia kwa sababu vumbi linaonekana, lipo juu ya majani ya mihogo na juu ya nguo zilizoanikwa. Lipiganiwe kwa ajili ya mapafu na ya watoto. Sababu hizo zinatosha. Lisije likawa jibu la kila uvimbe, kwa maana aliyekwisha kupata wa kumlaumu huacha kuhesabu mengine.

Majibu yote yakipatikana, wenzetu wa nchi tajiri huyaingiza kwenye kikokotoo. Kinachojulikana zaidi kilitungwa na Mitchell Gail wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani mwaka 1989. Kinataka umri, hedhi ya kwanza, mtoto wa kwanza, ndugu wa karibu waliougua, na kama titi limewahi kukatwa kipande cha uchunguzi. Kinatoa namba, mfano asilimia moja kwa miaka mitano ijayo. Maana yake ni kwamba wakikusanywa wanawake mia moja wenye majibu kama hayo, mmoja ataugua katika miaka hiyo mitano na 99 hawataugua. Ikisemwa hatari "imeongezeka mara mbili," wamekuwa wawili na 98 wamesalimika. Gazeti likiandika "mara mbili" bila kutaja mmoja alitoka katika wangapi, linauza hofu.

Kikokotoo cha Gail kina mapengo. Hakimhudumii mwanamke chini ya miaka 35, hakimuulizi shangazi, na kilijengwa kwa takwimu za wanawake weupe wa Marekani. Mwaka 2018 kikundi cha Profesa Olufunmilayo Olopade wa Chicago, mzaliwa wa Nigeria, kilitoa kipimo kilichotokana na wanawake wa Nigeria wenyewe. Ni hatua nzuri. Bado kipimo chochote cha namna hiyo hujibu swali moja tu: nani ataugua?

Kwa Kolwezi swali zito ni la pili: nani atakufa? Shirika la Afya Duniani limeweka namba mbili kando kwa kando. Katika nchi zilizoendelea sana, mwanamke 1 kati ya 12 ataambiwa ana saratani ya matiti maishani mwake, na 1 kati ya 71 atakufa nayo. Katika nchi za chini kwa maendeleo, Kongo ikiwemo, ataambiwa 1 kati ya 27, na atakufa 1 kati ya 48. Ugonjwa wenyewe ni nadra zaidi huku, na kifo ni karibu zaidi. Kule hufa kama mgonjwa mmoja katika sita. Huku zaidi ya nusu.

Tofauti hiyo haiko kwenye jeni. Utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2014 kwa wanawake wa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 2,000. Miaka mitatu baadaye takriban nusu walikuwa hai. Kwa Zambia, jirani wa mpaka mmoja na Lualaba, mkoa wa Kolwezi, na mwenye hospitali yake ya saratani mjini Lusaka tangu 2007, wanawake wengi walichukua miezi kadhaa tangu dalili ya kwanza hadi kupewa jina la ugonjwa.

Kwa hiyo mwanamke wa Kolwezi anayepima hatari yake aongeze maswali ambayo Gail hakuyawaza. Nani hutoa ruhusa ya kwenda hospitali nyumbani? Nauli ya kama kilomita 300 hadi Lubumbashi, kupitia Fungurume na Likasi, itatoka wapi, na nani atabaki na watoto? Na mume ameajiriwa au anachimba kwa mikono yake? Hilo la mume lina uzito wa kisheria. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri agharamie matibabu ya mfanyakazi pamoja na familia yake. Mke wa mwenye mkataba mgodini ana hospitali inayomsubiri. Mke wa mchimbaji anayeuza gunia lake kwenye soko la madini la Musompo ana mfuko wake tu. Wanawake wawili wa umri mmoja, mtaa mmoja, watoto sawa, na hatari ya kuugua ile ile; hatari ya kufa haifanani.

Muda unaopotea kabla ya kufika hospitali unaweza kuonyeshwa juu ya meza ya sokoni. Uvimbe wenye ukubwa wa punje nene ya maharagwe, chini ya sentimita 2, ukikutwa haujafika kwapani, mara nyingi unatibika. Wenye ukubwa wa ndimu ni habari nyingine. Kati ya haragwe na ndimu ipo miezi, na katika miezi hiyo hakuna maumivu ya kumsukuma mtu nje ya nyumba. Hilo ndilo linalodanganya: uvimbe usiouma huachwa, na wenye kuuma, ambao mara nyingi ni wa maziwa au wa hedhi, hukimbizwa.

Kujipapasa kila mwezi kwa ratiba hakukutoa matunda yaliyotarajiwa. Mjini Shanghai wafanyakazi wa viwanda vya nguo wapatao 266,000 waliingizwa katika jaribio. Waliofundishwa kujipima walikufa kwa kiwango kile kile na wasiofundishwa. Mikono iliyofunzwa ilifanya vizuri zaidi. Mjini Mumbai wahudumu wa afya wanawake waliwapima kwa mikono maelfu ya wanawake kila baada ya miaka miwili, na matokeo ya miaka 20 yalipochapishwa mwaka 2021, vifo vya saratani ya matiti kwa waliofikisha miaka 50 na kuendelea vilikuwa vimepungua kwa karibu asilimia 30. Hapakuwa na mashine yoyote. Muuguzi aliyefunzwa, chumba chenye pazia na dakika kumi ni vitu ambavyo Kolwezi inaweza kuvipata kabla ya mamografia. Kwa mwanamke mwenyewe inatosha kuyajua matiti yake wakati wa kuoga, na kutambua yanapobadilika: uvimbe mpya, ngozi iliyoingia ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyogeuka au inayotoa damu. Kwa walio chini ya miaka 40, ambao matiti yao ni mazito, ekografia huona vizuri kuliko mamografia.

Kinachofuata ni kipande cha nyama. Bila kukitoa na kukitazama kwa darubini, hakuna anayejua kama ni saratani, na kuanza dawa bila jibu hilo ni kubahatisha. Kipande kitiwe mara moja kwenye fomalini iliyo mara kumi ya ujazo wake, na chupa iandikwe jina kabla ya kusafirishwa, kwani kikikaa kikavu njiani vipokezi vya homoni huharibika na maabara hujibu "hakuna" mahali palipokuwa na "vipo." Jibu hilo hubadilisha maisha. Mwenye vipokezi hunufaika na tamoksifeni, kidonge cha zamani kinachomezwa kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Asiye navyo hakimsaidii.

Herufi za kutafuta kwenye karatasi ni ER, PR na HER2. Mgonjwa aombe nakala yake, aitie kwenye mfuko ule ule wa plastiki anamotunza kadi ya mpiga kura, na juu yake aandike umri aliokuwa nao siku hiyo. Miaka ishirini baadaye binti yake akiulizwa mama yupi aliugua, atakuwa na karatasi ya kuonyesha.